Kichwa cha Mtoto na Mpira Namba Tano



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mpira wa miguu, lakini si ule wa Simba na Yanga, ambao una wasemaji wake wa kutosha katika kila kijiwe na kila daladala. Nataka tuzungumze mpira wa watoto, hasa wale wa shule za msingi, wenye miaka saba, minane, mpaka kumi na miwili. Swali langu ni hili: je, mtoto wa umri huo aachwe acheze mpira wa kikubwa, wa kukwatuana, kupigana vikumbo na kupiga vichwa? Jibu langu nalitoa mapema ili asiyelitaka azime redio yake aendelee na shughuli nyingine. Mtoto acheze mpira, tena acheze sana. Lakini kukwatuana, vikumbo na kupiga mpira kwa kichwa visubiri mpaka avuke miaka kumi na miwili.

Najua nimekwisha kuwaudhi baadhi yenu. Subirini kidogo.

Ukitoka Korogwe saa kumi alasiri ukaishika barabara ya kwenda Handeni, utahesabu mechi nyingi kuliko madaraja. Kila penye uwazi kati ya nyumba na shamba la mahindi kuna watoto wanacheza chandimu. Magoli ni mawe mawili, au mashati mawili ya shule, na refa hayupo. Mpira wenyewe wameutengeneza kwa makaratasi na mifuko ya nailoni, wakauzungushia kamba mpaka ukawa mviringo. Na huku kwetu kwenye mkonge, kamba haijawahi kuwa tatizo. Mpira huo haudundi sana na hauruki juu, kwa hiyo watoto hucheza chini chini, wakipigiana chenga. Anayeangushwa anainuka na kulalamika, wanabishana kidogo, mchezo unaendelea. Katika mechi ya namna hii mimi sina ugomvi na mtu. Kama mpira huo utampiga mtoto kichwani, atacheka.

Ugomvi wangu unaanza pale watu wazima tunapoingia. Tunapiga chokaa uwanja wa shule, tunasimamisha magoli ya miti, tunaleta filimbi, na juu ya yote tunaleta mpira wa dukani. Mara nyingi mpira huo ni namba tano, maana shule ina mpira mmoja tu, na ndio huohuo wanaoutumia walimu na vijana wa kijiji jioni. Sasa mpira namba tano, kwa sheria za mpira wa miguu, una uzito wa kati ya gramu 410 na 450. Ni mpira uliopimwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye shingo ya mtu mzima. Kwa watoto kuna namba tatu na namba nne, ambazo ni ndogo na nyepesi zaidi, lakini nendeni madukani Manundu au Chanika mkaulize ni shule ngapi zimewahi kuziulizia.

Kwa nini nataja shingo? Kwa sababu Mungu alivyomuumba mtoto, kichwa kinatangulia kukua, mwili unafuata nyuma polepole. Mtoto wa darasa la kwanza kichwa chake kimekwisha kukaribia ukubwa wa kichwa cha baba yake, lakini shingo yake bado ni ya mtoto. Mpira uliojazwa upepo mpaka unalia kama ngoma unapomshukia kutoka juu, shingo ile haina nguvu ya kukizuia kichwa kisitikisike. Na ubongo ndani ya fuvu haukufungwa kwa misumari. Kichwa kikisukwasukwa, nao unasukwasukwa. Fuvu halipasuki, damu haitoki, na sisi kando ya uwanja tunapiga makofi kwa kichwa kizuri kilichopigwa.

Halafu kuna suala la maumbo. Wenzetu wa mijini, mnaosoma gazeti hili kwenye kituo cha basi, huenda mnadhani darasa la tano ni la watoto wa miaka kumi au kumi na mmoja. Kwenye karatasi ni hivyo. Lakini vijijini, Handeni ikiwamo, mtoto mmoja ameanza shule na miaka saba na jirani yake wa dawati ameanza na tisa au kumi, kwa sababu shule ilikuwa mbali, au alikuwa anachunga, au alirudishwa darasa. Ilipofutwa ada ya shule za msingi na kuanza ule mpango wa MMEM mwaka 2002, watoto waliokuwa wamebaki majumbani waliandikishwa kwa wingi, na wengine waliingia darasa la kwanza wakiwa na umri wa kuingia la nne. Hali hiyo imepungua, haijakwisha. Hivyo basi, timu ya shule ya msingi inaweza kuwa na kibwana mwembamba kama ufito wa nyumba, na beki ambaye sauti imekwisha kuvunjika na ndevu zinachungulia. Hao wawili wakigombea mpira mmoja, hapo si mchezo tena, ni ajali inayongoja saa yake.

Na tusisahau vijeba. Sote tunawajua. Mashindano ya UMITASHUMTA yanapokaribia, ghafla shule inapata mwanafunzi mpya ambaye hata daftari hana, ila ana daluga. Mwalimu wa michezo anasema ni mtoto, mwalimu mkuu anasema ni mtoto, na kijeba mwenyewe anakaa kimya kwa sababu akisema, sauti yake itamuumbua. Tabia hii haiishii kwenye kata. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17 waliikosa michuano ya Afrika kule Gambia, pamoja na kwamba walikuwa wamefuzu uwanjani, kwa sababu ya umri wa mchezaji. FIFA yenyewe ilipochoka na vyeti vya kuzaliwa ikaanza, kwenye Kombe la Dunia la vijana wa umri huo mwaka 2009, kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono ili kujua nani amekomaa na nani bado. Tunapozungumza juu ya vijeba tunalalamika kwamba wanaiba ushindi. Ni nadra kusikia mtu akilalamika kwa niaba ya mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyepangwa kumkaba.

Sasa niwavushe bahari kidogo, kwa sababu jambo hili wenzetu wamelipigia kelele zaidi kuliko sisi.

Huko Marekani kuna mchezo wanaouita futiboli, ingawa muda mwingi mpira uko mikononi. Mwenye mpira anaukumbatia na kukimbia nao, na kazi ya mpinzani ni kumvaa na kumbwaga chini. Wanavaa kofia ngumu na pedi za mabega kama askari wa kutuliza ghasia, na watoto wadogo wanauanza mapema sana. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliyekuwa akichunguza maiti mjini Pittsburgh, aliufungua ubongo wa Mike Webster, nyota wa zamani wa mchezo huo aliyefariki akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kupoteza kumbukumbu na kuhangaika. Kwa macho ubongo ulionekana wa kawaida. Chini ya hadubini ulikuwa na uharibifu wa aina iliyokuwa ikijulikana kwa mabondia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na wenye ligi hawakuyapenda. Mwaka 2017 watafiti wa Boston wakatangaza kwamba katika bongo 111 za waliowahi kucheza ligi kuu ya mchezo huo walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Watafiti wenyewe walionya kwamba bongo zile zilitolewa zaidi na familia zilizokuwa na wasiwasi tayari, kwa hiyo mtu asije akasema kila mchezaji ni mgonjwa. Hata hivyo, wazazi walishtuka, na swali likageukia watoto.

Je, Wamarekani wamepiga marufuku? Hapana. Katika jimbo la California walipitisha sheria mwaka 2019 inayobana mazoezi ya kukumbana kwa watoto, yasizidi nusu saa kwa siku na siku mbili kwa wiki. Muswada wa kukataza kabisa kwa walio chini ya miaka 12 ulipoletwa, gavana alitangaza Januari 2024 kwamba hatausaini. Uamuzi akauacha kwa wazazi. Lakini wakati wanasiasa wanabishana, watoto wengi wamehamia kwenye aina nyingine ya mchezo huohuo. Kila mchezaji anafunga vitambaa kiunoni, na badala ya kumbwaga mwenzako unamchomoa kitambaa, mchezo unasimama. Hakuna anayevunjwa shingo. Na mchezo huo wa vitambaa umepewa nafasi katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa hiyo asije mtu akasema ni mchezo wa woga.

Msikilizaji wa Mombo atasema: hayo ni ya mpira wa mikono wa Wamarekani, sisi wetu ni wa miguu. Sawa. Mwaka uleule wa 2002 alifariki Mwingereza Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa mabao ya kichwa. Alikuwa na miaka 59 na akili ilikuwa imemwondoka. Afisa wa serikali aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba kilitokana na kazi yake, kama vile mchimba madini anavyouawa na vumbi la mgodini. Kisha mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow kikatoa utafiti uliolinganisha wanasoka wa zamani wa Scotland na watu wengine wa kawaida: wanasoka walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya ubongo mara tatu na nusu zaidi. Februari 2020 vyama vya mpira vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vikaagiza kwamba watoto wa umri wa shule za msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Chama cha mpira cha Marekani kilikuwa kimetangulia: tangu mwaka 2015 kiliamua watoto wa miaka kumi kwenda chini wasipige vichwa kabisa.

Nami niseme ukweli wa upande wa pili, maana kipindi hiki si cha kutisha watu. Waliochunguzwa Scotland walikuwa watu wazima waliocheza kwa kulipwa miaka mingi. Utafiti ule haukusema kwamba mtoto wa Sindeni aliyepiga vichwa vitatu Jumamosi atasahau jina lake uzeeni. Lakini mtoto huyo hapati faida yoyote kwa vichwa hivyo vitatu. Hakuna kocha anayeweza kunishawishi kwamba kijana ataharibikiwa kisoka kwa kuanza kujifunza kichwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Mguu ndio unaohitaji kuanza mapema. Kichwa kina muda wake. Hivyo upande mmoja wa mizani kuna hasara tusiyoijua ukubwa, na upande wa pili hakuna kitu. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Korogwe anajua la kufanya na biashara ya namna hiyo.

Tatizo la karibu zaidi si la uzeeni, ni la dakika ileile. Niliwahi kusimama kando ya uwanja wa shule moja, siitaji wala sitaji mwaka, nikaona watoto wawili wakirukia mpira na vichwa vikagongana, ko! Mmoja alilala chini. Wakaja wakubwa wakammwagia maji usoni, mmoja akamwambia, "Kazana, wewe mwanamume," wakamsimamisha akarudi. Dakika chache baadaye alipata mpira, akaanza kukimbia nao kuelekea goli lake mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule mtoto hakuwa anachekesha. Alikuwa hajui yuko wapi.

Daktari yeyote atakwambia kwamba hiyo ni dalili ya mtikisiko wa ubongo: mtu kutojua alipo, kusahau kilichotokea, kizunguzungu, kutapika, kuona kitu kimoja kama viwili, kulalamika kichwa kinauma na mwanga unamkera. Wala si lazima azimie. Kinachowatisha madaktari zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona, kwa sababu ubongo wa mtoto unaweza kuvimba ghafla ukamuua. Ni jambo la nadra, ila likitokea halina marekebisho. Ndiyo maana kwa wakubwa, wenye mishahara na madaktari pembeni, sheria za mpira tangu mwaka 2024 zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji aliyegongwa kichwa, ili timu isipate kisingizio cha kumng'ang'ania. Mchezaji wa kulipwa anatolewa. Mtoto wetu tunammwagia maji.

Na fikirini kinachofuata hali ikigeuka usiku. Mtoto yuko kijijini ndani ya Handeni, anatapika, hajibu vizuri. Anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama yake, bila kofia, kichwa kinalegea begani kwa dereva. Anafikishwa zahanati, zahanati inamwandikia kwenda hospitali ya wilaya. Huko watamhudumia kwa walichonacho, lakini kama damu inavuja ndani ya fuvu, anahitaji kipimo cha picha ya ubongo na daktari bingwa wa upasuaji wa kichwa, na mabingwa hao wengi wako Dar es Salaam, kwenye taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ni zaidi ya kilomita 200. Mzazi wa California akikosea katika uamuzi wake, gari la wagonjwa liko dakika chache. Sisi hatuna nafasi hiyo ya kukosea, na bado ndio wenye masharti machache kuliko wao.

"Mbona sisi tulicheza hivyohivyo, na pekupeku, na hatukufa?" Hoja hii naisikia sana, hasa kutoka kwa wazee wenzangu waliokula chumvi kwenye timu za mashamba ya mkonge. Ndugu zangu, anayesema hivyo ni yule aliyesalimika. Yule aliyeacha shule kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma kila akifungua kitabu, na nyumbani wakasema amerogwa, huyo hayupo kijiweni kutoa ushahidi. Isitoshe, wengi wetu tulicheza ule mpira wa makaratasi ambao nimekwisha kuusifu.

Wapo pia wanaoogopa kwamba tukianza kuweka masharti, shule zitapata sababu ya kufuta michezo kabisa. Hofu hiyo ina msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule za msingi na sekondari ilisimamishwa, na mpaka leo wapenzi wa soka wanauhesabu uamuzi huo kuwa shimo ambalo vizazi kadhaa vilitumbukia. Mimi siombi michezo ifutwe. Darasa lina watoto sabini, chaki inaishia njiani. Kama si uwanja wa mpira, kuna watoto wasingekuja shuleni kabisa. Ninachoomba ni kwamba mchezo wa watoto uwe na sheria za watoto.

Na hilo si jambo geni. Tazameni netiboli. Kugusana ni kosa, anayezuia lazima asimame hatua kutoka kwa mwenye mpira, na bado mechi ya netiboli baina ya shule mbili za Korogwe inaweza kukufanya usahau kwenda kula. Hakuna aliyewahi kusema netiboli inalea wasichana waoga. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu kule India mwaka 2022, sikusikia mtu akiuliza walikotoa ushupavu.

Masharti ninayoyataka hayahitaji fedha za wafadhili. Mpira wa kurushwa ukimfika mtoto kichwani kwa makusudi, refa apulize, upande wa pili upige faulo, kama tunavyofanya kwa mkono. Kukwatua kwa kuteleza kutoka pembeni au nyuma nako kupulizwe. Kwa wakubwa, kukwatua kwa nyuma kwa namna ya kuhatarisha kumekuwa na kadi nyekundu tangu Kombe la Dunia la 1998, iweje kwa watoto kupite? Timu zipangwe kwa maumbo na si kwa darasa peke yake. Mwalimu ana macho, na shule nyingi zina mizani ya gunia. Wachezaji wapungue, saba kwa saba kwenye nusu uwanja, ndipo kila mmoja ataugusa mpira badala ya kuangaliana na anga wakingoja mpira wa juu. Na mtoto aliyegongwa kichwa atoke, asirudi siku hiyo, na mwalimu amtume mtu nyumbani akamwambie mama yake kilichotokea ili usiku amwangalie. Hili la mwisho ndilo ningelipigania kama ningeambiwa nichague moja tu. Mama wengi wanapokea mtoto jioni, anasema ana usingizi, wanamwacha alale.

Hakuna haja ya kungoja TFF au wizara. Mashindano huanzia shuleni yakaenda kata, wilaya, mkoa, na ngazi zile za chini zinaendeshwa na walimu wetu wenyewe, wanaofahamiana kwa majina. Walimu wa michezo wa Handeni na wenzao wa Korogwe wakikaa mezani siku moja kabla ya ratiba ya UMITASHUMTA haijatoka, wakakubaliana kwa ngazi ya kata tu, kwa watoto wa miaka kumi na miwili kwenda chini, nani atawazuia? Wazazi nao wanaweza kuuliza kwenye kikao cha shule, pale baada ya ajenda ya michango: mtoto wangu akigongwa kichwa uwanjani, nani ana mamlaka ya kumtoa, refa, mwalimu, au yule mshabiki anayepiga kelele kuliko wote?

Kwa leo naishia hapo. Wenye maoni waandike, hata wale walioudhika. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii.